Kilo za Maji

Mizani ya zahanati ilisimama kwenye kilo sitini na nne, na muuguzi akafurahi.

"Mwezi uliopita ulikuwa sitini na mbili, mzee Idrisa. Mwezi wa nyuma yake sitini. Unanenepa. Dawa zinafanya kazi." Akaandika kwenye cheti maneno yale yale aliyokwisha kuyaandika mara mbili huko juu: anaendelea vizuri.

Idrisa akashuka kwenye mizani kwa kulishika bega la mkewe. "Alhamdulillahi," akasema, akaanza kuvaa shati lake.

Mkewe, Mwanaheri, hakumtazama muuguzi. Alikuwa anaangalia shati. Alilishona mwenyewe kwa Idi ya mwaka juzi, kitambaa cha tetroni, na alikumbuka jinsi lilivyomkaa mumewe siku ile. Sasa vifungo vitatu vya tumboni havikufungika kabisa, na mabegani limepwaya hata mshono wa bega umeteremkia mkononi. Nguo ya namna hiyo, inayokaza mbele na kulegea juu, yeye alizoea kuiona kwa waja wazito tu.

"Dada," akamwambia muuguzi, "na hii mikono yake?"

"Mikono ina nini?"

"Imekwisha."

Muuguzi akacheka, si kwa ubaya. "Mama, wewe fundi cherehani. Niachie mimi kazi ya mizani. Kilo nne kwa miezi miwili, unataka nini tena? Unataka anenepe mpaka apite mlango kwa ubavu?"

Akina mama waliokaa kwenye benchi na watoto wao wakacheka. Idrisa naye akacheka ili asionekane mnyonge, lakini macho aliyaweka chini. Walipofika gatini Salale, kicheko kilikuwa kimekwisha kuwatangulia. Mwaka ule wa tisini na nne matajiri wa kamba wa baharini walikuwa wamejaa pale na masanduku yao ya barafu, watu wa Dar es Salaam wenye matumbo ya kushiba, na kijana mmoja mpakiaji akamwambia Idrisa, "Mkata boriti, na wewe umeshakuwa tajiri? Kitambi hicho umekipata wapi?"

Idrisa alikuwa amekata boriti za mikoko miaka ishirini na mbili. Alikuwa mtu wa kuweka boriti mbichi begani na kutoka nayo kwenye tope la magotini bila kupumzika. Sasa alilivuta shati lifunike tumbo. Wakaenda zao.

Nyumbani Bi Sihaba, mama yake Idrisa, alikuwa amekwisha kupika uji. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka ya mwanawe, na tangu ugonjwa uingie alikuwa hakauki kwenye jiko la mkwewe. Muuguzi ndiye aliyemwambia: mgonjwa wa ini asile samaki, asile mayai, asile maharage wala kunde, vitampanda kichwani awe kama mlevi. Ale uji na muhogo, apumzike. Bi Sihaba alilishika neno hilo. Hata kikaango alikiondoa, akakificha kwake.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Nimeongezeka," Idrisa akasema.

Bi Sihaba akainua mikono akashukuru. Mwanaheri akaingia ndani.

Alasiri alimkuta mumewe ameketi mkekani, akamwambia ainue mkono.

"Unanishonea nini?"

"Sijui bado. Inua tu."

Akatoa futi yake, ule utepe wa manjano wenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, akamzungushia juu ya kiwiko. Akafungua daftari lake la vipimo, akatafuta ukurasa wa Idi ya mwaka juzi. Bega, kifua, kiuno, mkono. Kiuno kilikuwa thelathini na tatu. Sasa arobaini na moja. Mkono ulikuwa kumi na moja. Akapima tena, polepole, kwa kuwa fundi hupima mara mbili kabla hajatia mkasi. Nane na robo.

Akakaa na lile daftari mapajani. Inchi tatu kasoro robo zilikuwa zimetoka kwenye mkono wa mumewe na mizani ikasema ameongezeka. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba, lakini alijua kwamba vitu viwili hivyo haviwezi kuwa kweli namna moja.

"Jumatatu tunakwenda Kibiti," akasema.

"Kufanya nini? Wamesema naendelea vizuri."

"Baba Salima, ukitaka kuinuka hapo ulipo, unainukaje?"

Idrisa akautazama mlango. Wote wawili walijua. Siku hizi alikuwa anajivuta kwa mikono mpaka kwenye mhimili wa mlango, ndipo asimame.

*

Kibiti, nyuma ya soko, kulikuwa na zahanati ya vyumba vitatu. Mwenyewe aliitwa Abdulatifu, mganga msaidizi aliyeitumikia serikali miaka thelathini. Sheria iliporuhusu tena watu binafsi kutibu, alistaafu akafungua pake. Watu walimwita daktari, naye alikuwa amechoka kuwarekebisha. Alikuwa mzee mfupi, asiyependa maneno mengi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

Alisoma cheti cha Idrisa chote. Akamlaza kitandani, akamgonga tumbo kwa vidole na kusikiliza, akambonyeza muundi kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki pale pale. Akamtazama macho, akamtazama makovu ya kujikuna, akamtazama pale nyama inapojaa kati ya kidole gumba na cha shahada. Pale pa Idrisa palikuwa na bonde.

"Mke wake ni nani?"

"Mimi, daktari," Mwanaheri akasema. "Nina kitu nataka ukione." Akamfungulia daftari.

Alikuwa amejiandaa kuchekwa. Mzee Abdulatifu akalivuta daftari karibu na miwani.

"Mkono, kumi na moja. Hii ni lini?"

"Idi ya mwaka juzi."

"Na sasa?"

"Nane na robo. Nilimpima wiki iliyopita, mara mbili."

Mzee akafungua mtoto wa meza akatoa utepe mwembamba wenye rangi tatu. "Huu ni wa watoto wachanga, wa kujua nani ana utapiamlo. Haumzunguki mtu mzima. Nipe futi yako." Akaipokea, akamwambia Idrisa aulegeze mkono, akamwita Mwanaheri asogee. "Ukipima, tafuta mfupa huu wa bega, tafuta na ncha ya kiwiko. Katikati yake hapa. Weka alama kwa kalamu. Mkono uwe umelegea, na uwe mkono huo huo kila siku. Ukipima leo hapa kesho pale, utajidanganya mwenyewe."

"Hivyo ndivyo ninavyowafundisha wanaojifunza kwangu," Mwanaheri akasema.

"Basi tunaelewana." Akapima. Nane na robo.

Kisha akamketisha Idrisa kwenye benchi, akamwambia afumbate mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano bila kujishika popote. Idrisa akainamia mbele, akajaribu. Makalio yakanyanyuka kidogo, yakarudi. Mara ya pili alijirusha, akasimama, akayumba. Ya tatu haikuja. Alikaa pale na mikono yake kifuani, jasho linamtoka kwenye paji la uso, anautazama ukuta.

"Inatosha," mzee akasema.

Kipimo cha mwisho ndicho kilichoharibu mambo. Abdulatifu aliuchukua mpira wa mashine ya presha, akaukunja kama andazi, akautia upepo kidogo, akamwekea Idrisa kiganjani. "Kamua kwa nguvu zako zote." Zebaki ikapanda mpaka tisini, ikasita, ikashuka. Akarudia; tisini tena. Halafu, pengine kwa sababu alitaka kujua mashine yake iko sawa, akamgeukia Mwanaheri. "Hebu na wewe."

Mwanaheri alikuwa anazungusha gurudumu la cherehani tangu ana miaka kumi na minne. Akaukamua ule mpira. Zebaki ikapanda bila kusita mpaka mia na hamsini.

Idrisa aliitazama ile namba, kisha akautazama mkono wa mkewe, kisha akajifunga vifungo vile vichache vilivyofungika.

Mzee Abdulatifu akavuta kiti. "Sikilizeni. Ini limejaa makovu, na maji yamejaa tumboni. Kilo nne mlizopongezwa ni za maji. Mizani haijui maji na nyama. Nikiyatoa maji hayo kwa kukisia na kuhesabu kilichobaki, huyu bwana amepungua, tena sana. Anakula nini?"

Mwanaheri akamweleza habari ya uji na muhogo.

"Nani kasema?"

"Zahanati."

Mzee akaweka cheti mezani. "Sitawalaumu. Hata mimi nilifundishwa hivyo chuoni, na nimewanyima watu samaki miaka mingi. Nikawa naona wanakwisha mikononi mwangu. Ini likichoka haliwezi kuweka akiba ya chakula. Mtu akilala na njaa, mwili unajila wenyewe, unaanza na misuli. Kwa hiyo ale. Samaki, mayai, kunde, choroko, kidogo kidogo mara nyingi, na kabla hajalala ale tena. Chumvi ndiyo muache. Samaki wa chumvi asimguse. Atembee kila siku. Vidonge hivi vitamfanya akojoe maji. Akianza kusinzia mchana ovyo, akachanganya maneno, mikono ikampapatika akiinyoosha, mnamleta siku hiyo hiyo."

"Nitapona?" Idrisa akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu alipokamua.

"Ini hilo haliwi jipya, sikudanganyi. Lakini niliowaona na ini kama lako, wengi hawakuondoka kwa ini. Waliondoka kwa udhaifu. Homa ndogo ikija, mtu hana cha kusimamia. Hicho tunaweza kukirudisha, si chote. Rudini baada ya miezi mitano. Mama, kila mwezi unapima, unaandika."

*

Njia nzima ya kurudi Idrisa alikaa mbali na mkewe. Walipofika nyumbani, alilala akageukia ukutani.

"Umenipeleka kuniaibisha," akasema kesho yake.

"Nimekupeleka kupimwa."

"Ulikamua ule mpira kama unayemkomoa mtu."

Mwanaheri akainuka akahesabu vilivyobaki jikoni. Kazi aliyoiona mbele yake ilikuwa nyingine, ya kupata chakula. Ni ajabu kuisema habari hiyo kwa watu wa Salale, maana maji yamewazunguka na kila kitu kimo ndani yake. Lakini tangu matajiri wa barafu waanze kuja, samaki mzuri na kamba mkubwa hawakuonja jiko la mtu. Walitoka kwenye nyavu wakaingia kwenye masanduku. Kilichobaki kwa wenyeji ni kile kilichokaushwa na chumvi, na hicho ndicho kilichokatazwa. Kazi yake nayo ilikuwa imelegea, kwa kuwa mitumba ilikuwa imeingia mpaka visiwani, na shati la mtumba lilikuwa rahisi kuliko hata ujira wa kushona peke yake.

Akaenda gatini asubuhi, akasimama mahali wanapopimia kamba. Mwenye mizani, Mshamu, mtu wa Kibiti aliyeajiriwa na matajiri, alikuwa anachambua: wakubwa ndani ya barafu, wadogo wadogo na waliovunjika vichwa wanasukumwa pembeni kwa bata.

"Hao wa pembeni mnawafanya nini?" Mwanaheri akauliza.

Mshamu akamtazama kwa mshangao. "Mama fundi, mke wa Idrisa unaokota kamba wa bata?"

Watu wakageuka. Mwanaheri aliwaacha wageuke. Macho yake yalikuwa kwenye maturubai ya kufunikia masanduku. Yalikuwa yamechanika, jua linaingia, barafu inayeyuka.

"Siokoti," akasema. "Nauza kazi. Maturubai yako yanavuja jua. Nitayashona yote, mshono wa mara mbili, na kila wiki nitayakagua. Wewe kila asubuhi utanipa hao wadogo, na samaki mmoja, changu au kibua, asiyefaa kwenda Dar."

Mshamu akayatazama maturubai, akaitazama barafu iliyokuwa inachuruzika miguuni pake. "Lini unaanza?"

"Leo."

Kwa hiyo kuanzia siku ile kulikuwa na samaki mbichi. Mwanaheri alimchemsha kwa ndimu na tui jepesi, bila chumvi. Idrisa alikula kwa sababu alikuwa na njaa ya miezi, ingawa uso hakuukunjua. Jioni mkewe alimtembeza mpaka msikitini na kurudi. Bi Sihaba alitazama yote hayo amekunja kanga yake kifuani.

"Unamlisha mwanangu sumu," akasema. "Siku itakapompanda kichwani usiniite."

"Nitakuita wewe wa kwanza, mama."

Siku ya tisa Mwanaheri alirudi kutoka gatini akakuta kitanda kitupu. Akaenda nyumba ya pili. Idrisa alikuwa amelala kwenye kitanda cha mamake, na Bi Sihaba ameketi mlangoni na kata ya uji.

"Nimemkuta amelala adhuhuri kama maiti," Bi Sihaba akasema. "Nikamwamsha hakuamka. Ndicho walichokisema zahanati."

Mwanaheri akampita, akapiga magoti kitandani. "Baba Salima. Leo siku gani?"

"Jumatano," Idrisa akasema bila kufumbua macho. "Na kesho Alhamisi. Niacheni nilale, nimetembea mpaka kwa kina Abdala na kurudi."

"Nyoosha mikono."

Akainyoosha kwa hasira. Haikupapatika. Mwanaheri akamfunua shuka. "Haya, twende nyumbani."

Hapo ndipo Idrisa alipofumbua macho. "Siendi," akasema. "Nitakaa hapa. Kwa mama hakuna mtu wa kunipima."

Neno hilo lilimkata Mwanaheri kuliko kicheko cha zahanati na macho ya gatini. Akaketi chini pale pale, kwenye sakafu ya udongo ya mama mkwe wake.

"Kwenye ule mpira," akasema, "nilikamua kwa nguvu kwa sababu aliniambia nikamue kwa nguvu. Nilikuwa na hofu. Mtu mwenye hofu anashika kwa nguvu chochote anachopewa. Ulitaka nijifanye dhaifu ili daktari aandike uongo?"

Safari hii Idrisa hakugeukia ukutani.

Mwanaheri akamgeukia mama mkwe. "Mama, wewe unaamini uji. Mimi naamini samaki. Hatuwezi kugombana juu ya kichwa chake mpaka aishe. Tumpime."

"Mimi sijui namba zenu."

"Hutahitaji namba." Akachana ukanda mwembamba kwenye pindo la kanga yake, akautia mkononi mwa Bi Sihaba. "Mfungie mwenyewe. Hapa, kwenye alama ya kalamu. Usikaze, usilegeze. Pale zinapokutana ncha mbili, ukate."

Bi Sihaba alisita. Kisha akainama juu ya mwanawe, akamzungushia ule ukanda. Vidole vyake vilitambaa kwenye mkono ule vikasimama. Alikuwa hajamshika mwanawe hapo tangu alipokuwa mtoto, kwa maana mtu mzima mamake hamshiki mkono wa juu. Akaukata ukanda kwa meno.

"Wiki mbili atakaa kwako, atakula uji wako na vidonge vya daktari," Mwanaheri akasema. "Mimi sitaleta hata dagaa. Siku ya kumi na tano utaufunga tena ukanda huu mwenyewe. Ncha zikikutana vile vile au zisipofikiana, mkono umekaa au umejaa, nami nitakuwa nimeshindwa na nitakupikia uji mwenyewe. Ncha zikipandana, mkono umepungua, atarudi kwangu, na wewe utakuwa upande wangu."

Bi Sihaba akauzungusha ukanda kidoleni. "Unajiamini sana, wewe."

"Najua kupima, mama."

Wiki mbili zile hakulala vizuri. Alijua kwamba kila siku ya uji ilikuwa inamla mumewe, na kwamba yeye ndiye aliyekubali. Alishona maturubai ya Mshamu, akagawia majirani samaki, akapita mlango wa mama mkwe bila kuingia na sahani. Siku ya kumi na tano ilipita, Bi Sihaba hakuja. Siku ya kumi na sita, baada ya sala ya alfajiri, alisikia hodi.

Bi Sihaba alikuwa amesimama na kile kikaango alichokificha, chini ya kwapa.

"Nilimfunga jana asubuhi," akasema. "Nikafikiri nimekosea. Nikamfunga adhuhuri, nikamfunga jioni." Akaonyesha ukucha wa kidole chake cha shahada. "Ncha zinapandana hivi, upana wa ukucha huu. Mimi mwenyewe niliukata, kwa meno yangu." Akakitoa kikaango kwapani. "Chukua kikaango. Anataka kujua kama leo kuna samaki."

*

Tangu hapo, mambo yalikuwa na mkuu mwingine. Bi Sihaba ndiye aliyekwenda gatini sasa kumwambia Mshamu kwamba kibua huyu ananuka, atoe mwingine. Ndiye aliyepika kunde asubuhi, akafuga kuku watatu kwa ajili ya mayai, na kumwamsha mwanawe kwa bakuli la choroko pale alipokuwa anataka kulala na njaa. Chumvi aliitia ndani ya kopo, akalifungia sandukuni, akakaa na ufunguo. Na kila mwezi mwandamo alikuja na ukanda wake wa kanga, Mwanaheri naye na futi yake, wakapima mmoja baada ya mwingine, Idrisa akiwa katikati ameunyoosha mkono kama mtu anayetaka kupewa kitu.

Mwezi wa kwanza ncha zilikutana. Wa tatu zilikuwa hazifikiani. Futi ilisema nane na nusu. Vidonge vilimkojosha Idrisa usiku na mchana, tumbo likashuka kidogo kidogo. Hakukuwa na muujiza. Zilikuwepo siku za kichefuchefu, siku miguu ilivimba tena kwa sababu ya harusi aliyokwenda akala pilau la watu, na wiki nzima ya homa ambayo Mwanaheri aliihesabu saa kwa saa. Homa hiyo aliipita akiwa amekaa, si amelala. Siku moja Mwanaheri alitoka chumbani akamwona amesimama uani. Aliangalia mkeka, akaangalia mhimili wa mlango uliokuwa mbali, akarudi kwenye cherehani yake.

Jioni hiyo Idrisa mwenyewe alisema, "Nipime kabla ya mwezi."

"Bado siku kumi."

"Nipime tu, mama Salima."

Mwanaheri akampima. Ilikuwa tisa kasoro robo, na Idrisa akataka aione mwenyewe kwenye utepe, akaweka ukucha kwenye mstari.

*

Walirudi Kibiti watatu, maana Bi Sihaba alikataa kuachwa. Alikuwa hajapanda lori tangu mwaka wa kuhamia vijijini. Kwenye zahanati ya Mzee Abdulatifu, binti mmoja, Mwanamkuu, alikuwa mlangoni akiwapima watu kabla hawajaingia. Idrisa akapanda mizani. Binti akaangalia cheti, akaangalia mshale, akaangalia cheti tena.

"Hamsini na sita," akasema kwa sauti ya chini. Akamgeukia mama mtu mzima kwa huruma. "Pole, bibi. Amepungua kilo nane."

Mwanaheri akafungua kinywa aeleze, lakini mama mkwe wake alikuwa amekwisha kuanza.

"Mwanangu, hizo kilo nane ni maji," Bi Sihaba akasema, wala hakuteremsha sauti. Watu waliokaa kwenye benchi wakamgeukia. "Yalikuwa tumboni, ameyakojoa. Mizani yako haijui maji na nyama. Hebu lete mkono wako, Idrisa." Akatoa ukanda wa kanga kifundoni, akaufunga mbele ya watu wote. Kati ya ncha mbili palionekana ngozi, upana wa kidole gumba. "Unaona hapo? Hapo palikuwa hapana kitu. Andika hiyo."

Binti hakujua aandike wapi. Mzee Abdulatifu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ameshika miwani mkononi. Alimwacha bibi amalize, kisha akamwambia binti, "Chora mstari mwingine kwenye cheti. Andika: mkono."

Ndani alimpima kwa futi ya Mwanaheri, inchi tisa kamili. Kwenye benchi Idrisa aliinuka mara nne, ya tano akaishika meza. Alipopewa mpira wa presha, aliutazama kwanza, akamtazama mkewe. "Usikamue leo," akamwambia, na Mwanaheri akaona kwamba anatania. Zebaki ilikwenda mia na kumi na tano.

"Bado huwezi kubeba boriti," mzee akasema. "Usijaribu. Tafuta kazi ya kukaa."

"Mshamu anataka mtu wa kuchambua kamba."

"Hiyo inafaa." Akaandika, kisha akaweka kalamu chini. "Mama fundi. Hapa nina wengine wanne wenye matumbo kama lililokuwa la mumeo. Wawili Ikwiriri, mmoja Chumbi, mmoja hapa hapa, yuko nje na mke wake. Wamepewa uji. Huyo wa nje nilimwambia habari ya mkono, hakunielewa. Labda wewe atakuelewa."

Mwanaheri akatoka na futi yake shingoni kama yuko kazini. Kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, alikaa mtu mwenye macho ya manjano na mke aliyekuwa anamtengenezea ukosi wa shati lililompwaya. Mwanaheri akaketi karibu na yule mke. "Shoga," akasema, "shati hili alishonewa lini?"

Waliporudi kwa boti mpaka gatini Salale, jua lilikuwa bado juu na maji yamekupwa. Boti ilisimama mbali, na mbele yao palikuwa na tope tupu la kukanyaga mpaka nchi kavu. Mwanaheri alishuka na mizigo. Bi Sihaba akasimama kwenye ukingo wa boti, akalitazama lile tope, akasema miguu yake haiwezi.

Idrisa alikuwa amekwisha kushuka. Tope lilimfika kwenye vifundo. Akajipanga, mguu mmoja mbele, akatoa mkono.

"Shika hapa, mama."

"Utaanguka."

"Shika."

Bi Sihaba akamshika mkono juu ya kiwiko kwa vidole vyote, akaweka uzito wake wote hapo, akashuka. Idrisa akayumba kidogo. Hakuanguka. Wakaenda hatua kwa hatua, na yule kijana mpakiaji akaacha sanduku lake chini akawatazama wanavyopita, mpaka Bi Sihaba alipomwambia aache kushangaa, awapishe njia.